Mashimo ya Wasirikwa yafukiwa Uasin Gishu: Je, mwenye njaa aweza kulinda turathi?

MKULIMA wa Uasin Gishu anapofika na trekta kwenye shimo pana la mviringo lililo katikati ya shamba lake, huwa na mambo mawili ya kuchagua. Ama alizunguke na kupoteza magunia kadhaa ya mahindi kila msimu, ama alifukie na kupanda juu yake.

Wengi wamelifukia, na ni vigumu kuwalaumu. Karo ya shule hailipwi kwa shimo, wala hakuna duka la mbolea linalokubali historia badala ya fedha.

Hata hivyo, shimo hilo si shimo la kawaida. Ni mabaki ya makao ya watu waliofuga ng'ombe katika nyanda hizi za juu karne nyingi kabla ya kuwako mji wa Eldoret, kabla ya reli na kabla ya mzungu wa kwanza kupimiwa shamba. Likishafukiwa, hakuna hazina ya serikali wala msaada wa kigeni unaoweza kulirejesha.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu Agosti 15, 2024, Rais William Ruto alipoikabidhi Eldoret hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Jiji huhitaji barabara, nyumba, maji na viwanda, na vyote hivyo huhitaji ardhi. Ndipo linapozuka swali linalozikabili nchi nyingi zinazoendelea: Je, taifa lenye maskini wengi lina haki, au hata uwezo, wa kutenga ardhi kwa ajili ya mambo yaliyopita?

MASHIMO HAYA NI NINI?

Wenyeji na wataalamu huyaita mashimo ya Wasirikwa. Yametapakaa katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, kuanzia maeneo ya Mlima Elgon na Cherangani, kupitia Uasin Gishu na Nandi, hadi Nakuru. Aghalabu huwa kwenye miteremko ya vilima, wakati mwingine machache tu, wakati mwingine kwa makumi mahali pamoja.

Walowezi wa Kizungu walipoyaona walikuwa na nadharia nyingi. Wapo waliodhani ni nyumba zilizochimbwa ardhini, na wapo waliotafuta chanzo chake kwa wageni kutoka mbali, kana kwamba Mwafrika hangeweza kuchimba na kupanga mawe kwa ustadi wake mwenyewe.

Utafiti wa kina uliofanywa baadaye, hasa na mwanaakiolojia John Sutton ambaye kitabu chake kuhusu akiolojia ya nyanda hizi kilichapishwa mwaka 1973, ulionyesha kuwa haya yalikuwa mazizi. Ng'ombe walilazwa ndani ya shimo usiku, na nyumba za wenye mifugo zilijengwa ubavuni mwa zizi huku mlango wake ukifungukia ndani ya zizi lenyewe. Lango la zizi lilielekea upande wa chini wa mteremko. Samadi na matope yaliyozolewa yalirundikwa nje karibu na lango, na kilima hicho cha taka huonekana hadi leo katika mashimo yaliyosalia.

Katika Uasin Gishu, ambako mawe ni mengi, kuta za baadhi ya mashimo zilijengwa kwa mawe yaliyopangwa bila saruji wala chokaa.

Sababu ya ujenzi wa namna hiyo inaeleweka kwa urahisi na yeyote anayejua wizi wa mifugo. Mvamizi wa usiku hangeweza kuwaswaga ng'ombe kutoka shimoni bila kupitia lango moja jembamba mbele ya wenyewe. Mtindo huu ulidumu kwa karne kadhaa, takriban kutoka karne ya 12 au 13 hadi karne ya 18, wakati mbinu za vita na ufugaji zilipobadilika na mashimo yakaachwa.

Masimulizi ya Wakalenjin huwataja Wasirikwa kama watu waliowatangulia. Wapo waliohama, na wapo waliomezwa na jamii zilizokuja baadaye. Kwa hivyo yamkini baadhi ya wanaoyafukia mashimo haya leo ni wajukuu wa waliyoyachimba.

KWA NINI YANATOWEKA?

Sababu ya kwanza ni jembe. Wakati wa ukoloni ardhi ya Uasin Gishu ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi yaliyolimwa ngano na mahindi kwa mashine, na mashimo mengi yalisawazishwa wakati huo. Walowezi hawakuwa maskini. Ni vyema kulikumbuka hilo kabla ya kumtwika mkulima mdogo lawama zote.

Sababu ya pili ni ugawaji wa ardhi. Baada ya uhuru mwaka 1963, mashamba hayo yalinunuliwa na makampuni na vyama vya wananchi, yakakatwakatwa na kugawanywa tena na tena kwa watoto na wajukuu. Shimo lenye upana wa mita kumi au zaidi ni kitu kidogo kwenye shamba la ekari elfu moja. Kwenye shamba la ekari moja, ni sehemu ya riziki.

Sababu ya tatu ni mji wenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa kaunti ya Uasin Gishu ilikuwa na watu 1,163,186, na Eldoret pekee zaidi ya watu 475,000. Mashamba yaliyo kando ya barabara kuu yamegeuka kuwa ploti, na ploti zimeota nyumba za kupangisha.

Yafaa msomaji afahamu kinachopotea hasa. Thamani ya eneo la kale haimo katika vigae na mifupa peke yake, bali katika mpangilio wa tabaka za udongo. Tabaka la chini ni la kale zaidi, la juu ni la karibuni, na kila kitu husomwa kwa kuangalia kilikutwa wapi na pamoja na nini. Trekta likipita, tabaka huchanganyika. Vigae vitabaki, lakini havitaweza tena kueleza ni vya lini na viliachwa na nani. Ni kama kitabu ambacho kurasa zake zimechanwa na kuchanganywa: maneno yote yamo, hadithi haimo.

Hasara hiyo ni kubwa hasa kwa sababu watu hawa hawakuacha maandishi. Pwani kuna misikiti, makaburi na nyaraka. Hapa kilichopo ni udongo, mawe na masimulizi ya wazee.

TURATHI YA NANI?

Mjini Eldoret kwenyewe mvutano una sura nyingine. Mji huu ulianza kama shamba nambari 64, ambako ofisi ya posta ilifunguliwa mwaka 1910, miaka miwili baada ya msafara wa makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg kuwasili kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Jina rasmi la Eldoret lilitolewa mwaka 1912. Inaelezwa kuwa linatokana na neno la Kimaasai linalohusu mto wenye mawe, likapewa kiishio cha Kikalenjin. Wenyeji nao walikwisha kuligeuza lile la namba kuwa "Sisibo", na wapo wanaolitumia hadi leo.

Husimuliwa pia kwamba benki ya kwanza mjini ilijengwa palepale sefu yake ilipoangukia kutoka kwenye gari la ng'ombe, kwa kuwa ilikuwa nzito mno kuinuliwa. Iwe ni kweli tupu au imetiwa chumvi, hadithi hiyo ni sehemu ya mji kama ilivyo reli iliyofika mwaka 1924.

Je, majengo ya enzi hiyo yahifadhiwe? Wapo wanaouliza, na si bila sababu, kwa nini mwananchi atozwe kodi kukarabati nyumba ambazo babu yake hakuruhusiwa kuingia isipokuwa kwa mlango wa nyuma. Kwao, turathi ya eneo hili ni kumbukumbu ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa Oktoba 19, 1905 na afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen, na ambaye ana makavazi yake huko Nandi Hills.

Hoja hiyo ina uzito. Lakini kubomoa jengo hakufuti dhuluma iliyotendeka ndani yake. Hufuta ushahidi tu. Mtoto anayeonyeshwa jengo na kuelezwa ni nani aliyelijenga, kwa jasho la nani na kwenye ardhi ya nani, hujifunza zaidi ya yule anayeonyeshwa jumba la vioo lisilo na lolote la kusimulia.

Aidha, jengo la zamani si lazima liwe mzigo. Jijini Nairobi, ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa iliyojengwa mwaka 1913 sasa ni jumba la maonyesho ya sanaa. Kuta ni zilezile, kazi ndiyo iliyobadilika.

SHERIA YASEMAVYO

Kenya haina upungufu wa sheria. Katiba ya mwaka 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Jedwali lake la Nne linaipa serikali ya kitaifa jukumu la mabaki ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, na kuzipa kaunti jukumu la makavazi na shughuli za kitamaduni.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inamruhusu waziri kulitangaza eneo au jengo kuwa turathi kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Anayegundua kitu cha kale anatakiwa kuwaarifu wasimamizi wa Makavazi ya Kitaifa katika muda wa siku saba. Nayo sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari zake kabla ya kuanza.

Tatizo ni kwamba vyombo hivi vilitengenezwa kwa ajili ya vitu vikubwa. Bandari hufanyiwa tathmini, barabara kuu hufanyiwa tathmini. Mkulima anayelima ekari zake mbili hahitaji kibali cha yeyote. Mashimo ya Wasirikwa hayafi kwa pigo moja la tingatinga. Hufa moja moja, shamba baada ya shamba, na hakuna ofisi inayopata habari.

Isitoshe, sheria humwambia mwenye shamba asichoruhusiwa kufanya, lakini haimwambii atalipwa nini kwa kutofanya. Ikiwa kuripoti shimo ni kukaribisha vizuizi, atakayeripoti ni nani? Anayeogopa kupoteza matumizi ya shamba lake atalifukia usiku na kunyamaza.

MAFUNZO YA LAMU, UNGUJA NA NCHI TAJIRI

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Miaka kumi na mmoja baadaye, Machi 2012, ulizinduliwa mradi mkubwa wa bandari na barabara za kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Wenyeji hawakukataa maendeleo. Walilalamika kwamba hawakushauriwa ipasavyo, na kwamba uvuvi na utamaduni wao haukuwekwa kwenye mizani.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliwaunga mkono na kuagiza wavuvi walipwe fidia ya takriban Sh1.76 bilioni. Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa huko Lamu, kwa kuwa wananchi hawakuhusishwa vya kutosha. Bandari ilijengwa hata hivyo, na gati lake la kwanza likaanza kazi Mei 2021.

Fundisho la Lamu ni kuwa mgogoro haukuwa kati ya mawe ya kale na bandari mpya. Ulikuwa kati ya wanaoamua na wanaoishi na matokeo ya uamuzi.

Unguja inafundisha jingine. Mji Mkongwe ulipewa mamlaka yake ya uhifadhi mwaka 1985 na ukaingia katika orodha ya dunia mwaka 2000. Hata hivyo, Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Jengo maarufu kuliko yote mjini halikuokolewa na umaarufu wake. Cheti cha kimataifa hakizibi paa linalovuja. Kinachoziba ni fedha, mafundi na ukaguzi wa mara kwa mara, mwaka nenda mwaka rudi.

Wala tusidhani mtihani huu ni wa maskini pekee. Oman iliipunguza hifadhi yake ya swala aina ya oriksi kwa asilimia 90 baada ya mafuta kugunduliwa, ikawa nchi ya kwanza kuondolewa eneo lake katika orodha ya Turathi za Dunia, mwaka 2007. Dresden nchini Ujerumani ilifuata mwaka 2009 kwa sababu ya daraja, na Liverpool nchini Uingereza mwaka 2021 kwa sababu ya majengo mapya kwenye gati zake za kale.

Nchi hizo zilikuwa na uwezo wa kuchagua, zikachagua daraja na mafuta. Basi anayekuja kutoka huko kumhubiria mkulima wa Uasin Gishu kuhusu thamani ya mambo ya kale, na aje kwa unyenyekevu, na ikiwezekana aje na mfuko.

NJIA YA KATI

Wahenga walinena kuwa mwenye njaa hana miiko. Uhifadhi wowote unaomtaka maskini ajitolee bila malipo kwa faida ya watalii na maprofesa hautadumu. Lakini pia si kweli kwamba ni lazima tuchague kati ya kila kitu na utupu. Zipo hatua zisizohitaji mabilioni.

Ya kwanza ni kuhesabu. Mashimo ya Wasirikwa ambayo hayajasawazishwa huweza kutambuliwa katika picha za angani na za setilaiti, na wazee na wenye mashamba wanayajua yalipo. Chuo Kikuu cha Moi kiko papa hapa tangu mwaka 1984. Serikali ya kaunti ikishirikiana na Makavazi ya Kitaifa na wanafunzi inaweza kuandaa ramani kabla mipango ya jiji jipya haijakamilika. Mpangaji asiyejua kilichopo atapitisha barabara juu yake, hata akiwa na nia njema.

Ya pili ni kuchagua. Haiwezekani kuhifadhi kila shimo, wala si lazima. Yatafutwe makundi machache yaliyo katika hali nzuri, yalindwe kikamilifu. Mengine yapimwe, yapigwe picha na kuchimbwa kitaalamu kabla ya ardhi kutumiwa. Hivyo mkulima atapata shamba lake, na taifa litapata kumbukumbu yake.

Ya tatu ni kumlipa anayelinda. Kwa nini mwenye shamba lenye eneo lililoteuliwa asipunguziwe ada za ardhi, au kaunti isikodi kipande hicho kwake kwa mkataba wa miaka mingi? Shimo likileta hata kodi ndogo ya uhakika kila mwaka, atakuwa wa kwanza kulizungushia ua. Nakuru kuna mfano wa karibu wa eneo lililotengwa: Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimbua mwaka 1937 na 1938, lilitangazwa kuwa turathi ya kitaifa mwaka 1943 na kufunguliwa kama makavazi mwaka 1965. Humo mashimo ya Wasirikwa yamesalia ilhali mji umelizunguka eneo hilo.

Ya nne ni kukumbuka kuwa turathi nyingine hulisha. Ukitoka Eldoret kuelekea Iten na kuteremka bonde la Kerio, utakuta mifereji ya Wamarakwet inayoteremsha maji kutoka milima ya Cherangani hadi mashambani. Ilijengwa kwa mawe, magogo na matawi vizazi vingi vilivyopita, na koo ndizo zinazoimiliki na kugawana zamu za maji. Hakuna aliyehitaji kushawishiwa aihifadhi. Inahifadhiwa kwa sababu mtama, mahindi na maembe hutegemea maji yake.

Mifereji hiyo inatuonyesha kipimo kinachofaa. Turathi hudumu pale anayeishi nayo anapopata sababu ya kila siku ya kuitunza. Kazi ya serikali ni kuitafuta sababu hiyo pale ambapo haipo, badala ya kutangaza marufuku na kwenda zake.

Mipango ya jiji la Eldoret inaandaliwa katika miaka hii hii. Kila msimu wa kulima, mashimo kadhaa hutoweka bila mtu kuandika hata yalikuwa wapi. Ikiwa ramani itaanza kuchorwa baada ya nyumba kujengwa, itakuwa ramani ya nyumba. Na mkulima aliye na shimo shambani mwake leo, kabla hajawasha trekta, anastahili angalau kutembelewa na mtu wa kumweleza ni nini alicho nacho, na kumwambia atapata nini akikiacha.